Uliza kodi imelipwa hadi lini
Anayetaka kununua nyumba yenye wapangaji wanne au watano jijini Dar es Salaam, ambako kodi ya pango mara nyingi hulipwa kwa mkupuo wa miezi 6 au hata 12, asiridhike na maneno ya dalali, bali aonane na kila mpangaji na kusoma mkataba wake, kwa kuwa fedha aliyokwisha kuipokea muuzaji haitamfikia mnunuzi isipokatwa kwenye bei na kuandikwa katika mkataba wa mauziano. Aangalie pia mita za LUKU, yaani za umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Mita moja inayotumiwa na familia zote huzaa ugomvi kila uniti zinapokwisha, na kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuomba punguzo.