Kabla Hujaanza Jimnastiki Ukiwa Kijana: Mambo ya Kuzingatia

Kijana wa miaka 14 au 16 akisema anataka kuanza jimnastiki, mara nyingi hujibiwa kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Wanaosema hivyo wana sababu. Nadia Comăneci alikuwa na miaka 14 tu alipopata alama 10 kamili kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, na wengi tunaowaona kwenye televisheni walianza wakiwa wadogo sana. Lakini kijana wa miaka 15 bado ni mbichi. Anapata nguvu upesi kuliko mtoto, na anaelewa maelezo ya kocha ambayo mtoto wa miaka 5 hayaelewi. Tofauti ni kwamba yeye anahitaji kujiandaa zaidi kabla ya kuingia ukumbini, kwa sababu ni mrefu zaidi, ni mzito zaidi, na akianguka anaanguka kwa kishindo kikubwa zaidi.

Anza kwa kujiuliza unataka nini. Kama ndoto yako ni medali ya Olimpiki katika michezo ya vifaa, ni haki uambiwe ukweli mapema: wenzako wa rika lako walio katika ngazi hiyo wameshafanya mazoezi kwa miaka mingi, na kuwafikia ni vigumu mno. Kama unataka kusimama kwa mikono bila ukuta, kupiga gurudumu lililonyooka, samasoti, msamba, au hata kushiriki mashindano ya wanaoanza, muda bado upo. Kumbuka pia kwamba jimnastiki si mchezo mmoja. Kuna ya vifaa, ambayo wanawake wana vifaa vinne na wanaume sita. Kuna ya utepe na mpira inayofuata muziki, kuna trampolini, na kuna ya wawili au kundi, ambamo mmoja hubebwa na wengine hubeba. Hii ya kubebana naona inastahili kufikiriwa na kijana mrefu mwenye nguvu, kwa kuwa wabebaji kwa kawaida ndio wakubwa wa kundi. Hata parkour, mchezo wa kukimbia na kuruka vizuizi, imo siku hizi katika shirikisho la kimataifa la jimnastiki.

Ukishajua unachotaka, utazame mwili wako jinsi ulivyo sasa. Wakati wa balehe mifupa hurefuka haraka, na misuli huchukua muda kuizoea. Ndiyo maana kijana anaweza kujikuta mwili umekakamaa ghafla, au akajikwaa pale ambapo mwaka jana alipita vizuri. Karibu na ncha za mifupa inayokua kuna sehemu za gegedu ambazo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa, na jimnastiki huzibana hasa kwenye vifundo vya mikono, chini ya goti na kwenye kisigino. Uchovu wa misuli siku moja au mbili baada ya mazoezi ni jambo la kawaida. Maumivu kwenye kiungo yanayorudi kila unapofanya zoezi lilelile, au maumivu ya kiuno yanayozidi unapopinda mgongo kwenda nyuma, hayo si ya kuvumilia. Nenda kwa daktari. Na kama una pumu, kifafa, tatizo la moyo au mfupa uliowahi kuvunjika, muone daktari kabla ya siku ya kwanza, kisha kocha aambiwe.

Sehemu inayosahauliwa na karibu kila anayeanza ni vifundo vya mikono. Katika jimnastiki mikono hufanya kazi ya miguu, lakini yako haijawahi kubeba mwili mzima. Wiki chache kabla ya kuanza, piga magoti, weka viganja sakafuni huku vidole vimetanuka, kisha sogeza uzito mbele na nyuma polepole. Geuza vidole vielekee pembeni, urudie. Dakika 10 kwa siku zinatosha. Ongeza kuning'inia kwenye chuma, pushapu, na zoezi la mtumbwi: unalala chali, unabana kiuno sakafuni, halafu unainua mabega na miguu kidogo ili mwili upinde kama mtumbwi. Linaonekana dogo, ila umbo hilohilo ndilo litakalokushika usipinde mgongo unaposimama kwa mikono. Kujinyoosha kufuate baada ya misuli kupata moto, ukitulia katika kila mkao kwa sekunde kama 30. Msamba hauji kwa kukandamizwa.

Jifunze kuanguka kabla ya kujifunza kuruka. Mtu akianguka kinyumenyume, mikono hukimbilia nyuma ikiwa imenyooka, na hapo ndipo viwiko na vifundo huvunjika. Kocha mzuri atatumia muda wa siku za mwanzo kukufundisha kukunja magoti, kuleta kidevu kifuani na kubingirika ili kishindo kisambae mwilini. Na hofu itakuja, tena itakuja kwa nguvu kuliko kwa mtoto, kwa sababu wewe unaelewa kinachoweza kutokea. Usiione aibu. Simone Biles, bingwa wa Olimpiki, alijitoa katika fainali kadhaa huko Tokyo mwaka 2021 baada ya kupoteza uwezo wa kujua mwili wake uko wapi hewani. Kama yeye alisimama, nawe una ruhusa ya kumwambia kocha, "Leo bado."

Basi nenda ukautazame ukumbi kabla ya kujiandikisha, na ikiwezekana nenda na mzazi. Angalia kama magodoro yamebanana bila nafasi ya mguu kuzama katikati. Boriti ya mashindano, yaani ubao mwembamba wa kufanyia mazoezi ya mizani, ina upana wa sentimita 10 na iko mita 1.25 kutoka chini, kwa hiyo uliza wanaoanza wanatumia nini. Jibu unalotaka kulisikia ni mstari uliochorwa sakafuni, kisha boriti fupi iliyo karibu na ardhi. Uliza kama wana kundi la vijana wanaoanza au utawekwa na watoto wa miaka 7. Kuwekwa na watoto si jambo baya, lakini ni vizuri kujua mapema, maana wapo wanaoacha wiki ya pili kwa kuona haya tu.

Mtazame kocha kuliko unavyotazama vifaa. Jimnastiki ni mchezo wa kushikwa: kocha atakushika kiunoni, mgongoni, kwenye mapaja, ili usidondoke. Aeleze kabla atakushika wapi na kwa nini, na ukisema hutaki, asikulazimishe. Mazoezi yafanyike mahali ambapo wengine wanaona, na mzazi aruhusiwe kukaa akatazama. Kocha anayetukana, anayekejeli unene wa mtu, anayekalia mgongo wa mwanafunzi ili msamba ushuke, au anayemwita kijana peke yake faraghani, huyo si wa kumvumilia hata awe na vikombe vingapi. Mwaka 2018 mahakamani huko Marekani, wasichana na wanawake zaidi ya 150 walieleza jinsi daktari wa timu ya taifa ya jimnastiki alivyowadhulumu kingono kwa miaka mingi huku akijificha nyuma ya neno matibabu. Wengine waliwahi kusema mapema, hawakusikilizwa. Mzazi, mwanao akikuambia kitu hakimkalii sawa, msikilize siku hiyohiyo.

Kuhusu chakula, kula. Kijana anayekua na kufanya mazoezi anahitaji zaidi, si pungufu. Msichana ambaye hedhi yake imekatika baada ya kuanza mazoezi makali asidhani ni dalili ya kuiva kimichezo. Mara nyingi mwili unasema haupati chakula cha kutosha, na mifupa huweza kudhoofika.

Mavazi hayahitaji gharama. Nguo inayobana kiasi isikufunike uso ukiwa kichwa chini, nywele zilizofungwa, hereni na mikufu iachwe nyumbani, miguu peku. Anayetaka kusitiri miguu asizuiwe na picha za televisheni: timu ya wanawake ya Ujerumani ilishindana Tokyo mwaka 2021 ikiwa na mavazi yanayofika kwenye vifundo vya miguu.

Nyumbani fanya vifundo, mtumbwi, kujinyoosha na kusimama kwa mikono ukutani ukishafundishwa namna ya kutoka. Samasoti usijaribu kitandani wala kwenye nyasi kwa kufuata video. Shingo haisamehe. Panga siku mbili kwa wiki za ukumbini, zisifuatane, na kwenye fomu ya kujiandikisha ujaze ukweli wote kuhusu majeraha yako ya zamani na namba ya simu ya mtu atakayepokea wakati wowote.