Kupunguza oili iliyozidi kwenye gia boksi ya oto ukiwa nyumbani

Gia boksi ya oto haitaki oili pungufu, na iliyozidi pia haiitaki. Ikizidi, gia zinazozunguka ndani zinaipiga kama mtu anavyokoroga mayai, inajaa povu. Povu ni hewa, na hewa inabonyea. Presha ya kubana pleti za klachi inashuka, pleti zinateleza, joto linapanda, gia zinachelewa kuingia au zinaingia kwa kishindo. Oili nyingine inatokea kwenye tundu la kupumulia na kutapakaa juu ya gia boksi, na wengi wakiiona hapo wanakimbilia kubadilisha sili isiyo na kosa. Anayepandisha Newala na mzigo wa korosho ataziona dalili hizi mapema kuliko anayezunguka mitaa ya Ligula na Shangani mjini Mtwara, maana mlima unaongeza joto, na oili ikipata joto inatanuka.

Kabla hujatoa hata tone moja, hakikisha imezidi kweli. Toyota yenye stiki, yaani kijiti cha kupimia oili, ikipimwa injini imezimwa, oili iliyokuwa ikizunguka juu inashuka kwenye sampo, ile trei ya oili chini ya gia boksi, na stiki inadai imezidi wakati iko sawa. Ukiipunguza hapo umetengeneza tatizo ambalo halikuwepo.

Oili huzidi kweli kwa njia chache. Iliongezwa gari likiwa baridi mpaka mstari wa HOT, ule wa kwenye stiki wa kupimia oili yenye moto. Au fundi alimwaga lita mbili na nusu, kisha akamimina kopo zima la lita nne bila kupima alichotoa. Au mtu alikosea tundu akamimina oili ya injini kwenye gia boksi. Ikiwa ni hili la mwisho, usiwashe gari kabisa. Hiyo si kazi ya kupunguza, ni kumwaga yote.

Vifaa

Sindano kubwa isiyo na ncha ya chuma, ya mililita 50 au 60, kutoka duka la dawa. Nunua mbili, kwa sababu raba ya ndani huvimba ikikaa kwenye oili na kuanza kukwama. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani, kama ule wa kupeleka maji kwenye waipa. Nenda na stiki dukani, maana usiopita kwenye bomba la stiki haukusaidii. Mpira wa levo wa mafundi ujenzi kwa kawaida ni mnene mno. Ongeza chupa tupu ya maji ya nusu lita, tambara lisiloacha nyuzi, glavu na kalamu ya wino mzito.

Hatua ya 1: Pasha gia boksi moto kwa kuendesha

Kuiacha injini ikinguruma uani hakutoshi. Injini itapata moto, gia boksi itabaki nyuma. Ukiwa Mtwara mjini, nenda Mikindani urudi. Ukiwa Lindi, elekea Mingoyo kisha geuza. Alama ya HOT imekusudiwa oili yenye nyuzi joto 70 hadi 80. Ile ya COOL, ya oili iliyo baridi, ni ya kukisia tu.

Hatua ya 2: Pima

Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa. Mchanga wa uani unadanganya: tairi moja ikizama kidogo, kipimo kimehama. Kaza hendibreki, kanyaga breki, injini ikiwa inanguruma pitisha leva taratibu kutoka P hadi L, kila nafasi sekunde mbili tatu, kisha irudishe P. Injini isizimwe. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Tazama pande zote mbili na uamini upande ulio chini, kwa sababu kuta za bomba hupaka oili upande mmoja. Rudia mara tatu.

Honda nyingi ni tofauti: zinapimwa injini imezimwa, ndani ya sekunde 60 hadi 90 baada ya kuzima. Fuata kitabu cha gari lako, usifuate jirani.

Ikiwa juu ya mstari wa HOT wa juu kwa milimita moja au mbili tu, iache. Hatari ya kutoa nyingi ni kubwa kuliko faida. Ukiona mapovu kwenye stiki, zima, subiri saa nzima, uanze kupima upya. Povu hupandisha kipimo. Na ikiwa oili imekuwa ya waridi na nzito kama maziwa ya mgando, maji ya rejeta yameingia. Acha kuliendesha gari hilo. Kupunguza hakutasaidia chochote.

Hatua ya 3: Zima, subiri nusu saa

Oili ya nyuzi 80 inaunguza ngozi, na bomba la ekzosi liko karibu. Kusubiri kuna faida nyingine pia: oili inashuka kwenye sampo, mpira unaifikia kwa urahisi.

Hatua ya 4: Andaa mpira

Ulaze kando ya stiki, uweke alama ya kalamu sentimita mbili au tatu zaidi ya urefu wake. Kata ncha kwa mshazari. Iliyokatwa wima inaganda kwenye kitu kilicho chini na kuziba. Futa mdomo wa bomba la stiki kabla ya kuingiza chochote, maana punje ya mchanga ikishuka humo inaweza kwenda kukwamisha vali. Funga upande wa juu wa mpira kwa kamba ili usizame.

Hatua ya 5: Vuta mililita 200, usizidishe

Chomeka sindano, vuta polepole. Ukivuta hewa tupu, shusha mpira kidogo. Bana mpira kwa vidole kila unapochomoa sindano kumwagia kwenye chupa. Usivute kwa mdomo hata kama huna sindano.

Hatua ya 6: Pima tena, kisha piga hesabu

Hapa ndipo watu wanapokosa subira. Rudi barabarani, pasha moto, pima kama mwanzo. Tuseme mililita 200 zimeshusha kipimo milimita 4 na bado kuna milimita 8 kufika unapolenga: toa nyingine 400, kwa awamu mbili. Kiasi kinachobeba milimita moja hutofautiana gari na gari, hivyo usichukue hesabu ya IST ukaipeleka kwenye Noah. Lenga katikati ya alama mbili za HOT.

Umetoa nyingi mno? Rudisha kidogo kidogo kupitia bomba la stiki, kwa oili mpya ya aina ileile iliyoandikwa kwenye stiki au kitabuni. T-IV na WS, aina mbili za oili za Toyota, si kitu kimoja, na oili ya CVT, gia boksi ya oto inayotumia mkanda, ni kitu kingine kabisa.

Ikiwa imezidi kwa lita moja na zaidi

Sindano itakuchosha. Usifungue bolti ya sampo kidogo ukitegemea kuifunga haraka. Utaloa, na itatoka zaidi ya ulichotaka. Gari likiwa limepoa, weka ubao chini ya jeki ili isizame mchangani, simamisha gari kwenye stendi za chuma za kulishikilia, mwaga yote iliyomo kwenye sampo na uipime. Funga bolti kwa washa mpya (ile ringi yake), kisha rudisha kiasi hicho ukitoa kile kilichozidi.

Gari lisilo na stiki, lenye bolti ya kupimia chini, lipeleke kwenye gereji yenye shimo na mashine ya kusoma joto. Toyota nyingi za aina hiyo hupimwa oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45. Kwa joto la pwani yetu, dirisha hilo linapita upesi, kwa hiyo omba ifanywe asubuhi gari likiwa limelala.

Oili uliyotoa usiimwage uani; inazama kwenye mchanga kuelekea maji ya visima. Ipeleke kwenye gereji yenye pipa la oili chafu.

Pima tena baada ya siku mbili za kuendesha. Kipimo kikipanda bila mtu kuongeza kitu, chunguza rejeta siku hiyohiyo.