Kufunga seva ya saa ya ofisi kwa kipokezi cha GPS na waya wa mpigo

Mwongozo huu ni wa fundi anayesimamia mtandao wa ofisi ya kawaida ya Dar es Salaam, yenye seva mbili tatu, kamera, mashine za risiti na kompyuta za mezani, ambaye anataka saa zake zote ziende pamoja hata siku ambayo intaneti haipo. Siku hizo zipo. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu kwa wakati mmoja, mtandao ulisuasua nchini, na seva zilizozoea kuuliza saa nje zilibaki zikitegemea fuwele zao za kwatzi. Fuwele inayokosea sehemu 20 kwa milioni hupotea karibu sekunde 1.7 kila siku, kwa hiyo baada ya wiki moja kumbukumbu za seva mbili zinaweza kupishana kwa sekunde zaidi ya kumi.

Hata intaneti ikiwa nzima, ina mpaka wake. NTP, itifaki ya kulinganisha saa za kompyuta kupitia mtandao, aliyoianzisha David Mills, baadaye profesa wa Chuo Kikuu cha Delaware, na kuchapishwa mwaka 1985, hupima safari ya pakiti kwenda na kurudi, kisha hudhani kuwa safari hizo mbili zinalingana. Pakiti ikienda kwa milisekunde 60 na kurudi kwa milisekunde 100, saa yako itakosea milisekunde 20, na hakuna kitu ndani ya kompyuta kitakachokuonya.

Kabla ya kushika waya, elewa jambo moja ambalo wengi hulipita. Kipokezi cha GPS hutoa vitu viwili tofauti. Cha kwanza ni maandishi yanayosema tarehe na saa, yanayopitia waya wa data. Cha pili ni mpigo wa umeme, mmoja kila sekunde, unaopanda mwanzoni kabisa mwa sekunde. Fikiria milio ya redio kabla ya taarifa ya habari: mtangazaji hukuambia ni saa ngapi, lakini unaporekebisha saa yako ya mkononi hufuati sauti yake, unafuata mlio. Maandishi ndiyo mtangazaji, na huchelewa. Kwa kasi ya kawaida ya biti 9600 kwa sekunde, herufi 400 huchukua zaidi ya sekunde 0.4 kufika, na idadi ya herufi hubadilika kadiri satelaiti zinazoonekana zinavyobadilika.

Mara ya kwanza nilipofunga mtambo huu niliunganisha nyaya nne tu, nikaona tarehe sahihi kwenye skrini, nikafunga boksi nikaenda zangu. Wiki iliyofuata mhasibu aliniita kunionyesha risiti zilizoingia kabla ya malipo yake. Seva moja ilikuwa inafuata mtambo wangu na nyingine inafuata intaneti. Waya wa tano, ule wa mpigo, ulikuwa bado umekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni.

Vifaa

Natumia Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya ubao mmoja), moduli ya u-blox ya jamii ya NEO-M8, ambayo ndiyo kipokezi cha GPS, antena ya nje yenye waya wake, na nyaya tano fupi. Ukienda Kariakoo utakuta moduli nyingi zenye pini nne tu, na muuzaji atakuambia zote ni sawa. Geuza ubao uangalie kama kuna pini iliyoandikwa PPS, yaani ile ya mpigo wa kila sekunde. Ikikosekana, usinunue, labda uwe na mkono mtulivu wa kulehemu waya kwenye taa ndogo ya ubao, ambayo kwa kawaida huwaka kwa mpigo huohuo. Kipokezi cha USB nacho kiache: USB huufanya mpigo uyumbe kwa kama milisekunde moja.

Hatua ya kwanza: antena

Antena inahitaji kuona anga. Chini ya mabati haitapata kitu, na dirishani kwenye magorofa ya Posta itaona kipande kimoja cha anga pamoja na mawimbi yaliyogonga kioo cha jengo la jirani. Ipandishe juu ya paa, lakini isiwe ndicho kitu kirefu kuliko vyote hapo juu, kwa sababu ya radi. Kiungo cha waya kifunge kwa utepe wa mpira unaojigandisha wenyewe. Nimewahi kufungua kiungo kilichokaa miezi michache karibu na bahari nikakuta shaba imegeuka kijani, na taa ya mpigo inawaka na kuzima bila mpangilio. Urefu wa waya usikusumbue: kila mita huchelewesha mawimbi kwa nanosekunde 5 hivi, kwa hiyo mita 20 ni nanosekunde 100, kiasi kisichoonekana kabisa kwenye mtandao wa ofisi.

Hatua ya pili: nyaya

Zima Pi kwanza. Unganisha umeme wa moduli na pini ya 1 yenye volti 3.3, ukiwa umehakikisha kwamba ubao wako unakubali volti hizo, kisha waya wa ardhi (GND) na pini ya 6. TX ya moduli (inayotuma data) iende pini ya 10, na RX (inayopokea) iende pini ya 8. PPS iende pini ya 12, ambayo ndani ya programu inaitwa GPIO 18.

Hatua ya tatu: mfumo

Kwa raspi-config, zima matumizi ya mlango wa siriali kwa ajili ya kuingia kwenye mfumo, lakini acha mlango wenyewe ukiwa wazi. Kisha ongeza mstari huu kwenye faili la /boot/firmware/config.txt:

dtoverlay=pps-gpio,gpiopin=18

Sakinisha gpsd inayosoma kipokezi, gpsd-clients yenye cgps ya kuonyesha kinachosomwa, chrony inayoongoza saa, na pps-tools ya kupima mpigo. Katika /etc/default/gpsd andika:

DEVICES="/dev/serial0"
GPSD_OPTIONS="-n"

Herufi -n ni muhimu, kwani bila hiyo gpsd husubiri mteja ndipo ianze kusoma kipokezi. Washa mashine upya.

Hatua ya nne: kuuona mpigo

Usiguse chrony kabla ya hatua hii kukamilika. Andika:

sudo ppstest /dev/pps0

Unapaswa kuona mstari mpya kila sekunde, na namba ya mfuatano ikiongezeka kwa moja bila kuruka. Mistari isipotokea na taa ya moduli haiwaki, kipokezi hakijapata satelaiti za kutosha, kwa hiyo kipe dakika kadhaa. Taa ikiwaka lakini mistari haiji, umekosea pini. Kisha fungua cgps uangalie tarehe. GPS huhesabu wiki hadi 1024 na kuanza tena, mara ya mwisho ikiwa Aprili 2019, na moduli yenye programu ya zamani inaweza kukupa tarehe iliyo nyuma kwa karibu miaka 20 huku mpigo wake ukiwa safi kabisa.

Hatua ya tano: chrony

Katika /etc/chrony/chrony.conf weka:

refclock SHM 0 refid NMEA offset 0.2 delay 0.2 noselect
refclock PPS /dev/pps0 lock NMEA refid PPS
pool africa.pool.ntp.org iburst
makestep 1 3
allow 192.168.10.0/24

Badilisha anwani ya mwisho iwe ya mtandao wako. Mstari wa kwanza unasoma mtangazaji, yaani yale maandishi ya kipokezi, ambayo muundo wake huitwa NMEA, lakini neno noselect linamkataza kuongoza saa. Mstari wa pili unasoma mlio na kuufunga kwa mtangazaji ili ujulikane ni wa sekunde ipi. Seva za nje zibaki kama mashahidi, ila mlango wa UDP 123, unaotumiwa na NTP, usiufungue kwa watu wa nje.

Ile 0.2 ni kianzio tu. Zima kwa muda mstari wa PPS, acha chrony ifuate intaneti kwa saa moja hivi, kisha andika chronyc sourcestats usome safu ya Offset kwenye mstari wa NMEA. Rekebisha namba mpaka safu hiyo ikaribie sifuri. Makosa ya milisekunde kadhaa hapa hayana madhara, kwa sababu kazi ya maandishi ni kutaja sekunde tu, lakini yakikaribia nusu sekunde mpigo utakataliwa. Rudisha mstari wa PPS, anzisha chrony upya, uandike chronyc sources. Alama unayoitafuta ni #* mbele ya PPS, na safu ya Reach ifike 377, maana yake majaribio manane ya mwisho yote yamefaulu. Amri ya chronyc tracking itakuonyesha Stratum 1, yaani seva inayopata saa moja kwa moja kutoka kwenye chanzo chake.

Hatua ya sita: wateja

Seva za Linux zinahitaji mstari mmoja wa server wenye anwani ya Pi. Kwa Windows isiyo ndani ya domeni, tumia:

w32tm /config /manualpeerlist:"192.168.10.5" /syncfromflags:manual /update

Ndani ya domeni, amri hiyo iandike kwenye seva kuu ya domeni peke yake, na nyingine zitaifuata. Kamera nyingi hufika zikiwa zimewekwa saa za China, kwa hiyo kagua ukanda wa saa kabla ya kulaumu mtandao. Wetu ni Africa/Dar_es_Salaam, saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia, mwaka mzima. Walinzi nao wafafanulie. Daftari la getini likisema saa mbili asubuhi, kamera itaandika 08:00 na kumbukumbu za seva zinazotumia UTC zitaandika 05:00, na zote tatu zitakuwa sahihi.

Hatua ya mwisho: jaribio

Chomoa waya wa intaneti kwenye ruta. Nyota (ile alama ya *) inapaswa kubaki kwenye PPS. Rudisha waya huo, kisha chomoa antena. Baada ya dakika chache Reach ya PPS itashuka hadi 0, na nyota itahamia kwenye mojawapo ya seva za nje. Rudisha antena, ungoje nyota irudi, kisha zima na kuwasha umeme wa Pi kama vile umeme umekatika mtaani: Pi 4 haina betri ya saa, kwa hiyo itaamka na tarehe ya zamani, na makestep ndiyo itakayoirusha hadi wakati wa sasa.