Mzee anatetemeka mikono? Angalia hivi kabla hujasema ni pombe

Baba yangu mdogo yuko Temeke, kahawa ilikuwa inamwagika kabla haijafika mdomoni, kijiweni wakasema ana arosto ya pombe, mwingine akasema karogwa, kumbe mzee wa watu hata bia hagusi. Kwahiyo anza hivi. Mwache akae katulia, mikono mapajani, anaangalia tivii, ikiwa imetulia af ukimpa glasi ya maji ndo inaanza kucheza, mara nyingi hiyo ni esenshali trema, yaani ugonjwa wa kutetemeka unaojitokeza mkono ukifanya kazi. Parkinson, ugonjwa mwingine wa ubongo, kwa kawaida ni kinyume, mkono unatetemeka ukiwa umepumzika, mwili unakuwa mzito, na mwandiko unazidi kuwa mdogo.

Mpe peni achore duara la konokono, aanzie katikati aende nje, asiegemeze mkono mezani, kila mkono na karatasi yake. Mistari ikija na mawimbi andika tarehe utunze, baada ya miezi sita arudie, daktari akiona hizo karatasi ataelewa haraka kuliko maelezo yako.

Sema hii esenshali trema haifanani kwa wote. Wengine kichwa kinatikisika kama anakataa, wengine sauti, wengine hata balansi ya kutembea inayumba. Chanzo kiko kwenye ubongo, hasa serebelamu, ile sehemu ya nyuma inayopanga miendo. Kijana anaweza kuanza nayo, ila kadri umri unavyosogea inazidi, na familia nyingi inarithiwa, kwahiyo uliza kama bibi au babu alikuwa hivyo. Ikija ghafla na upande mmoja umelegea, usichore chochote, kimbiza hospitali, hicho kinaweza kuwa kiharusi.

Ukienda hospitali beba dawa zake zote, maana salbutamol ya pumu inatetemesha, na omba wapime tezi ya shingo, nayo inaweza kutetemesha. Muhimbili wapo madaktari wa mishipa ya fahamu ukipewa rufaa. Dawa inayotumika sana ni propranolol, haiponyi ila inapunguza, na mwenye pumu asiiguse, kwahiyo za jirani wa presha usiazime jamani! Pombe nayo inatuliza kwa muda, ndo mtego wenyewe, ikiisha mikono inarudi vilevile au zaidi.

Nyumbani weka mrija, kikombe kizito, viwiko avibane mbavuni. Ba'mdogo siku hizi muuza kahawa anamjua, anamimina nusu kikombe bila kuambiwa, mzee anashika kwa mikono miwili na kashata anaweka pembeni kwanza.