Jinsi ya kusoma takwimu za haiskuli ya serikali ya mjini Marekani

Mtu akitafutia mtoto shule Marekani anakimbilia namba moja tu, wastani wa mitihani, akiona uko chini basi, shule mbovu. Ngoja kwanza. Huo wastani mara nyingi unakuambia pale wanasoma watoto wa nani, walimu wanafanya nini darasani hausemi sana.

Ingia tovuti ya idara ya elimu ya jimbo utafute ripoti kadi ya shule, sio ya mtoto, ya shule yenyewe. Sheria ya elimu ya nchi nzima ya 2015, inaitwa ESSA, inalazimisha itolewe kila mwaka. Usiishie juu, shuka mpaka matokeo yalipogawanywa kwa makundi, yaani asili (weusi, weupe, Walatino n.k.), kipato cha chini, ulemavu, wanaojifunza Kiingereza, halafu linganisha kundi na kundi hilohilo la shule nyingine, maana unaweza kukuta shule ya mjini ina wastani wa chini lakini watoto wake wa familia maskini wanawapita maskini wenzao wa ile shule ya kitongoji inayosifiwa. Ukiona nyota badala ya namba ujue kundi ni dogo, wameficha ili mtoto asitambulike.

Kundi la wanaojifunza Kiingereza lisikutishe. Anayekijua vizuri anatolewa kwenye kundi, wanaingia wageni wasiokijua, kwa hiyo litaonekana chini tu (ingawa jimbo linaruhusiwa kuendelea kumhesabu aliyetoka hadi miaka 4).

Na hii asilimia ya wanaokula bure shuleni, ambayo watu huichukua kama kipimo cha umaskini, inawachanganya wengi mno! Ukiona 100% usidhani wote ni fukara. Kuna mpango unaitwa CEP, shule ikiwa na wanafunzi wa kutosha ambao familia zao tayari ziko kwenye misaada kama SNAP (msaada wa serikali wa kununulia chakula) inaruhusiwa kulisha wote bure bila fomu, na kiwango cha kuingia kilishushwa 2023 kutoka 40% hadi 25%, sasa hiyo 100% inapima nini?

Asilimia ya kuhitimu nayo ina mambo yake. Wanahesabu walioanza darasa la 9 pamoja wakamaliza ndani ya miaka 4, waliohama na kuna karatasi za kuthibitisha wanatolewa, waliohamia wanaongezwa. Isome pamoja na utoro sugu, yaani kukosa 10% ya siku, kwa mwaka wa siku 180 ni siku 18, na hata za ugonjwa zimo. Wanaohitimu wengi, watoro wengi, mitihani chini? Mimi hapo napiga simu shule nauliza wangapi walifeli masomo wakaruhusiwa kuyamalizia kwa kompyuta ili wahitimu.

Angalia pia kama wameweka ukuaji, mtoto kapanda kiasi gani toka alipokuwa, mimi naupa uzito kuliko wastani wenyewe. Chukua miaka mitatu hivi, mmoja unaweza kuwa bahati tu, ila ya 2020 usihangaike nayo, mitihani ilisimamishwa ile korona.