Kuokoa rasimu ya mtumiaji kabla ukurasa haujafungwa

Mtu anayejaza fomu ndefu kwenye simu haagi anapoondoka. Simu inaita, anahamia kwenye programu nyingine, na baada ya muda mfumo wa simu unauondoa ukurasa kwenye kumbukumbu bila msimbo wako wa JavaScript kupata nafasi ya kutenda lolote. Ndiyo maana anayetegemea tukio la `unload`, yaani ishara ambayo kivinjari hutoa ukurasa unapoondolewa, hupoteza data. Tena hujinyima faida nyingine, kwa kuwa Chrome na Firefox za kompyuta haziuhifadhi ukurasa wenye kisikilizi cha tukio hilo (msimbo unaolisubiri litokee) kwa namna ambayo kitufe cha kurudi nyuma kingeweza kuufungua papo hapo.

Tukio la kutegemea ni `visibilitychange`, ambalo hutokea mtumiaji anapobadili kichupo, anapohamia programu nyingine au anapoufunga ukurasa wenyewe:

```
document.addEventListener("visibilitychange", () => {
  if (document.visibilityState === "hidden") {
    navigator.sendBeacon("/rasimu", JSON.stringify(rasimu));
  }
});
```

Ombi la kawaida la `fetch`, yaani njia ya JavaScript ya kuwasiliana na seva, linaweza kukatizwa ukurasa unapofungwa, ilhali `sendBeacon` hukikabidhi kivinjari mzigo wa data, nacho huupeleka kwa njia ya POST hata ukurasa ukiwa umekwisha kutoweka. Mzigo huo una kikomo cha kilobaiti 64, na ukizidi, `sendBeacon` hurudisha `false` pasipo kelele yoyote. Kwa hiyo, kwa maandishi marefu, mimi huandika rasimu katika `localStorage`, hifadhi iliyo ndani ya kivinjari chenyewe, kila mtumiaji anapotua kidogo kuandika, na kuiachia seva nakala ya pili tu. Kwa kuwa ukurasa unaweza kufichwa mara nyingi kabla haujafungwa, seva inapaswa kuibadilisha rasimu ileile kwa kutumia kitambulisho chake, la sivyo utajikuta na rasimu 20 za mtu mmoja.

Kisanduku cha kumwuliza mtumiaji kama kweli anataka kuondoka hutokana na `beforeunload`, tukio linalotangulia ukurasa kuondolewa, ambamo unaita `event.preventDefault()`. Usihangaike kutunga ujumbe wako mwenyewe, kwani Chrome iliacha kuuonyesha tangu toleo la 51 la mwaka 2016, baada ya matapeli kuutumia kuwatisha watu. Vilevile kisanduku hakitokei iwapo mtumiaji hajagusa chochote kwenye ukurasa, na Safari ya iPhone hailitambui tukio hilo kabisa. Ongeza kisikilizi pale tu panapokuwa na mabadiliko ambayo hayajahifadhiwa, kisha ukiondoe mara yanapohifadhiwa, maana onyo lisilo na sababu huwazoesha watu kubofya bila kusoma.

Ukimaliza, jaribu kwa simu halisi: andika sentensi mbili, rudi kwenye skrini ya mwanzo, kifunge kivinjari kutoka kwenye orodha ya programu zilizo wazi, kisha ufungue ukurasa upya na uangalie kama sentensi zote mbili zipo.