Somo: kunja kitabu kizee kitoe dele ya kahawa

Haya jamaa, wengi mmeniuliza ile picha ya dele, yaani birika la kahawa, ilotokea kwenye ukingo wa kurasa za kitabu nimeitengeza vipi, sijakata popote wala sijatia gundi, ni kukunja tu na subra.

Kwanza kitabu. Tafuta cha gamba gumu kilichoshonwa, kina kurasa 320 hivi, yaani karatasi 160, maana karatasi moja ina kurasa mbili na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Usichukue cha gundi, changu cha kwanza kilikuwa cha gundi na kufika katikati karatasi zikaanza kunitoka mkononi kama maandazi yasokandwa, nikaacha.

Chora dele kwenye karatasi yenye urefu sawa na kurasa zako, upana sm 14, uigawe mistari ya wima 140, kila mmoja milimita 1. Mstari mmoja karatasi moja, zile 20 zinobaki ziache 10 mbele 10 nyuma.

Sasa telezesha mchoro chini ya karatasi mpaka mstari wake uchungulie ukingoni, vichwa viwe sawa, tia nukta mbili za penseli, picha inapoanzia juu na inapoishia chini. Pembe ya juu iingize ndani mkunjo uanzie palepale kwenye nukta, ya chini vivyo hivyo, kandamiza na mgongo wa kijiko. Kwenye mkono wa dele kuna tundu, so picha hapo ina vipande viwili, karatasi moja shika kipande cha juu, inofuata cha chini, hivyo hivyo kwa zamu, jicho litaunganisha lenyewe.

MASWALI

Wa Kisauni: Naweza kuandika jina kwa herufi za Kiarabu?
— Waweza dadangu, ila kitabu cha kizungu ukisimamisha ukingo ukikutazama, gamba la mbele liko kushoto, kwa hivyo utaanza na mwisho wa jina. Nukta za herufi ndizo taabu, nazo zataka ule mtindo wa zamu.

Wa Likoni: Hili joto na unyevu wetu mikunjo si italegea?
— Hulegea. Ukimaliza kifunge, weka kitu kizito juu usiku kucha, na usikiweke dirishani pa upepo wa bahari.

Wa Majengo: Lakini ami, kuharibu kitabu si haramu hiyo?
— Msahafu na vitabu vya dini havigusiki kabisa, na cha maktaba kinachoazimwa pia la. Changu ni cha sheria za kodi zilokwisha badilishwa zamani, hata panya walikikataa.